Fimbo ya Lemalau

Ijumaa ilikuwa siku ya chonga. Serikali ya Nyuzilandi ilikuwa imeamua kwamba adui mkubwa wa Samoa ni yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa minazi, kwa hiyo kila mtu mzima alitakiwa kuchokoa magogo yaliyooza, apate chonga wake sita wa wiki, awafunge kwenye jani na kuwapeleka uwanjani wakahesabiwe. Asiyetimiza alipigwa faini. Watu wa kijiji cha Lefutu walinung'unika mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili wakazoea.

Fuatino alikuja na chonga kumi na wawili. Sita walikuwa wake, sita wa mumewe, ingawa mumewe alikuwa mwaka wa pili hajatia mguu kijijini. Jumbe Vaotogo alikuwa amekalia kiti chake cha mbao, zawadi kutoka ofisi ya serikali mjini Apia, kiti pekee katika kijiji ambamo watu wote hukaa chini na hawajawahi kuona ubaya wake. Kitabu kilikuwa gotini.

"Lemalau," akaita.

"Hawa hapa," Fuatino akasema, akaliweka furushi lake mkekani.

Jumbe hakuinua macho. "Nimemwita Lemalau. Lemalau yuko pale."

Akaonyesha kwa penseli. Pale alikuwa amesimama Simeona, binamu wa mumewe, ndani ya shati jeupe ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa bado haijatoka.

"Sasa hawa wangu utawaandika kwa nani?"

"Mumeo anaitwa Taniela. Barua imefika jana. Jina limefutwa kwa yule, limeandikwa kwa huyu. Na atakayemwita yule kwa jina hili, faini." Jumbe akalamba ncha ya penseli. "Taniela. Watano. Huyu mmoja hana pembe."

"Ni jike, jumbe. Majike pembe zao fupi."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka habari ya faini, wakaacha. Fuatino alirudi nyumbani na yule chonga wa kike kwenye jani lake, uso ukimwaka kwa fedheha.

Lemalau si jina la kuzaliwa. Ni jina la mkuu wa ukoo, na linakwenda na nyumba kubwa, na ardhi kutoka barabarani hadi mtoni, na kukaa kwenye nguzo ya mbele barazani pa wazee. Taniela alipewa baada ya ukoo kukaa siku tatu ukibishana. Alinyang'anywa kwa barua ya ukurasa mmoja na nusu. Kosa lake ni kwamba alikuwa mtu wa Mau, wale wanaosema Samoa ni ya Wasamoa. Alipoambiwa avue shuka ya buluu yenye mstari mweupe, sare yao, alijibu kwamba ndani yake hakuvaa kitu kingine. Wakampeleka uhamishoni kisiwa cha Savaii kwa mwaka mmoja, na mwaka ulipokwisha wakamwongezea mwingine.

&nbsp;

Shangazi Salome alikuwa kwenye nyumba kubwa, amekaa juu ya kokoto za sakafuni, anasuka. Alikuwa dada wa Lemalau aliyetangulia, na ndiye aliyewalea Taniela na Simeona kwa chungu kimoja na kwa fimbo moja. Kwetu, dada wa mwenye jina hapitwi mbele mtu akiwa wima. Neno lake hulijenga jina na laana yake hulikausha. Kijiji kilimwogopa kuliko jumbe, naye hilo alilijua na lilimfurahisha.

"Wamekuandika wangapi?"

"Watano. Kwa Taniela."

"Kwa Taniela." Shangazi akakata jani la mkadi kwa meno. "Mimi nimemwosha mavi yule. Jumbe ndiye wa kunifundisha anaitwaje? Na Simeona alisema nini?"

"Hakusema. Aliangalia vidole vya miguu yake."

"Ana vidole vizuri. Amechukua kwa mama yake."

Alasiri Simeona mwenyewe akaja, na kopo la nyama ya ng'ombe limefungwa kwenye kitambaa. Aliingia kwa kuinama, akaanza kuelekea nguzo ya mbele, kisha mwili ukamkataa, akakaa ubavuni kama alivyokaa siku zote.

"Shemeji, usinielewe vibaya," akamwambia Fuatino. "Jumbe alisema kiti cha Lemalau kikibaki wazi watampa mtu baki. Nikaona heri mimi. Nakitunza tu."

"Unakitunza."

"Mwenyewe akirudi, namrudishia."

"Na hilo shati nalo unamtunzia?"

Simeona akacheka wa kwanza. Alikuwa mwepesi wa kucheka, ndiyo maana walimpenda, na ndiyo maana pia hawakumpa jina. Alipomaliza kucheka akavuta kitambaa cha kopo, akakikunja mara nne.

"Jumapili ni sadaka ya mwaka. Mchungaji atasoma majina. Jumbe anataka nishike fimbo na usinga. Anasema bila fimbo nitaonekana kama karani."

Fimbo ya Lemalau ilikuwa juu yao, imefungwa kwenye boriti, ndefu kuliko mtu na nyeusi kwa viganja vya wazee waliokwisha kufa. Wote watatu wakaitazama.

"Panda uitoe," Shangazi akasema.

"Ungenipa wewe, Shangazi."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, Simeona. Ukiitaka, panda."

Hakupanda. Alikunywa maji, akaulizia kikohozi cha mtu ambaye hakuwa na kikohozi, na aliposimama kuondoka ndipo akaitoa kwa haraka ile habari iliyomleta.

"Jumbe anasema baada ya Jumapili nyumba hii ni ya Lemalau wa kitabuni. Ninyi mtahamia banda la kupikia. Au wewe shemeji urudi kwenu, ng'ambo ya mlima. Mimi nilimwambia si vizuri."

"Akasemaje?"

"Akasema nitazoea."

Usingizi ulimpaa Fuatino usiku huo. Barua ya Apia haikumtisha sana, kwa sababu karatasi huliwa na mende. Kilichomtisha ni kanisa. Jina likishasomwa kule mbele ya Mungu na watu, na mtu mwingine akaliitikia, kijiji kitakuwa kimesikia, na masikio ya kijiji hayafutiki. Taniela angerudi na miaka yake arobaini na mbili akae nyuma na vijana, awakorogee wazee kinywaji chao cha kava, asubiri kuambiwa alete maji. Yeye Fuatino, mwanamke wa kuolewa, hangekuwa mke wa mtu yeyote wa kutajwa.

&nbsp;

Jumamosi alikwenda kwa mchungaji Iakopo na shilingi nne ndani ya leso. Mchungaji alikuwa anaandika orodha.

"Niandike Taniela?"

"Andika Lemalau."

Mchungaji akavua miwani. "Fuatino. Yuko Lemalau mwingine. Ameleta pauni nzima."

"Sikuja kushindana naye. Lemalau, shilingi nne."

"Unaniweka pabaya, mama."

"Wewe unasoma karatasi tu. Jumbe naye anasoma karatasi tu. Mbona yeye haoni pabaya?"

Mchungaji akapangusa miwani muda mrefu kuliko uchafu uliokuwemo. Hakuahidi kitu. Alichukua leso, akamrudishia ikiwa tupu.

Jumapili watu walijaa, nguo nyeupe na kofia za ukindu, pepeo zikipepea mikononi. Kwetu sadaka haina siri: jina la mkuu wa ukoo hutajwa na fedha zake hutajwa, na anayetoa kidogo hujua wiki nzima kwamba ametoa kidogo. Mchungaji alisoma bila kuinua uso. Alipofika "Lemalau, pauni moja," Simeona, aliyekuwa mbele na mikono mitupu, alinyanyua kidevu, na jumbe akakohoa kwa kuridhika. Fuatino akakaza macho kwenye mgongo wa aliyekaa mbele yake.

Orodha ikaisha. Mchungaji akanywa maji. Kisha akasoma mstari mmoja zaidi, kwa sauti ileile.

"Lemalau. Shilingi nne."

Pepeo zikasimama. Mzee mmoja kiziwi akageuka na kumwuliza jirani yake, kwa sauti ambayo viziwi hudhani ni mnong'ono, "Amerudi? Lemalau amerudi?"

Shingo zote zilikuwa zimekwisha geuka kuelekea mlangoni, na Simeona, ambaye alikuwa ameketi pale pale mbele yao na pauni yake, alikuwa wa kwanza kugeuka.

&nbsp;

Jumatatu asubuhi jumbe alikuja na Simeona na vijana kumi. Alisema nyumba inaezuliwa, itaezekwa upya kwa ajili ya mwenyewe. Fuatino hakubishana. Alianza kutoa vitu nje: mikeka, sanduku, taa, Biblia, picha ya Taniela akiwa kijana amesimama kando ya farasi wa mtu. Aliona jambo moja, kwamba vijana hawakumtazama usoni, na hilo lilimuuma kuliko kama wangemtukana.

Shangazi hakutoka. Alikaa chini ya boriti kuu, akaendelea kusuka.

"Shangazi, tafadhali toka," Simeona akasema.

"Niko kwa kaka yangu."

"Majani yatakuangukia."

"Basi mwambie anayeyaangusha asiyaangushe."

Simeona akamtazama jumbe. Jumbe akamtazama Simeona, kwa sababu amri ilipaswa kutoka kwa Lemalau. "Anzeni upande ule," Simeona akasema mwishowe. "Polepole."

Walianza polepole. Yale majani ya miwa yalikuwa ya miaka saba na kamba zake zilikuwa zimechoka, na upande ule ulipolegea, upande huu nao ukalegea. Boriti ikateleza ncha moja. Ilimpiga Shangazi kwenye mkono wa kulia, na wote waliokuwa pale walisikia mfupa ukivunjika.

Fimbo ya Lemalau ilichomoka kwenye kamba zake, ikabingirika juu ya kokoto, ikakoma miguuni pa Simeona. Hakuiokota. Alikuwa amefunika mdomo kwa viganja vyote viwili.

Shangazi hakulia. "Fuatino," akasema, "niletee maji. Na hiyo fimbo iondoe kwenye miguu ya watu."

Vijana wakashuka mmoja mmoja, wakaenda makwao. Hakuna aliyemwomba jumbe ruhusa.

&nbsp;

Kesho yake alfajiri, Fuatino alipokunja pazia la makuti, alikuta mtu ameketi nje.

Alikuwa amekaa juu ya majani yenye umande, miguu ameikunja, na tangu utosini hadi magotini amefunikwa mkeka wa heshima, ule wa mkadi uliosukwa mwembamba mpaka unalegea kama kitambaa, na manyoya mekundu ukingoni. Mbele yake palikuwa na mzigo wa kuni na mawe meusi ya tanuri. Nyuma yake alikuwa Mele, mke wa Simeona, ameinamisha kichwa.

Hivyo ndivyo radhi huombwa kwetu. Mkosaji huja na kuni na mawe ya kumpikia, kana kwamba anasema, mimi huyu, fanyeni mnavyotaka. Mkuu wa ukoo uliokosewa akimfunua, yamekwisha, na hakuna atakayeyafufua. Asipomfunua, mtu yule hukaa. Zamani wengine walikaa mpaka likaja shoka.

Fuatino alimwona, akamwacha akae. Sisemi alisahau. Alipuliza moto, akachemsha maji kwa majani ya mlimau, akamnywesha Shangazi, akamfunga upya banzi za mgomba, na kila alichokifanya alikifanya taratibu. Alitaka jua lipande. Alitaka lipite kwenye ule mkeka, limchome mgongo mtu aliyevaa jina la mumewe kama shati la dukani. Watu wa Lefutu walikuwa wamekwisha kuja, wamekaa pembeni mwa uwanja.

Jua lilipofika juu ya minazi, jumbe naye akafika.

"Lemalau, inuka," akasema.

Mkeka haukutikisika.

"Inuka, unajiaibisha. Nani aliyekosewa hapa? Ukoo wa Lemalau. Mkuu wake nani? Wewe. Nani wa kukufunua? Ni wewe. Sasa mtu atajiombaje radhi mwenyewe?"

Alisema kweli, tena kwa kufuata sheria neno kwa neno. Ni baada ya kuyasema yote ndipo alipoyasikia. Pembeni mwa uwanja mtu mmoja akamgusa mwenzake kwa kiwiko.

Sauti ilitoka chini ya mkeka, nzito kwa joto. "Basi mimi siye."

"Siye nini?"

"Siye Lemalau. Nikiwa mimi ndiye, hakuna wa kunifunua, nitakaa hapa mpaka nioze. Lazima awepo mwingine."

"Barua inasema..."

"Barua sikuiandika. Naitwa Simeona."

"Unajua adhabu yake?"

"Naijua. Ndiyo aliyopewa Lemalau."

Ndani ya nyumba yenye nusu paa, Shangazi alifumbua macho. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mfunue."

"Mimi mwanamke wa kuolewa, Shangazi. Si kazi yangu. Wewe ndiye wa damu."

"Mkono wangu wa kufunulia ameuvunja yeye. Lemalau yuko ng'ambo, mkewe yuko hapa. Nenda ukamfunue kwa mkono wa mumeo, waone."

Fuatino akatoka. Hasira yake ilikuwa bado ipo, alitembea nayo mpaka pale. Aliinama, akashika mkeka kwa ncha mbili. Ulikuwa mwepesi ajabu, unanuka mafuta ya nazi na sanduku la muda mrefu. Alipouinua, akaona uso uliolowa jasho, na alama za msuko zimejichora kwenye paji, kama mtoto aliyelalia mkeka. Akajikuta hana la kumkaripia.

"Ingia ndani, Simeona," akasema, kwa sauti ya kufika pembeni mwa uwanja. "Shangazi anakusubiri. Chai inapoa."

Ndani, Simeona alikaa nyuma kabisa, akashindwa kunywa. Shangazi akaonyesha juu kwa kidevu.

"Paa langu linavuja," akasema.

"Nitaliezeka."

"Kabla hawajakuchukua?"

"Nitajitahidi, Shangazi."

Aliezeka siku tatu, na wale vijana kumi wakija kumpokeza majani bila kuitwa. Ijumaa, jumbe alipoita jina la Lemalau kwenye hesabu ya chonga, hakuna aliyeitika. Akaita tena. Kisha akageuza ukurasa.

&nbsp;

Mashua ilikuja Jumamosi na askari mmoja wa Kizungu, kijana aliyeungua pua. Simeona alipewa mwaka mmoja, Savaii, kwa kulikataa jina alilopewa na serikali. Mele alimfungia shelisheli zilizochomwa na lile shati jeupe. Alilia kidogo, akanyamaza.

Fuatino alitoka nyumba kubwa ameshika fimbo.

Simeona akarudi nyuma hatua moja. "Hapana, shemeji."

"Si yako. Mpelekee mwenyewe."

"Askari akiuliza?"

"Ni mkongojo. Mguu unakuuma."

"Mguu upi?" akauliza Shangazi kutoka ndani. "Chagua mmoja, Simeona, na usije ukaubadilisha njiani. Nakujua."

Akaipokea kwa mikono miwili. Askari aliitazama ile fimbo ndefu, akainyooshea kidole kama anayeuliza ni ya nini. Simeona akapiga paja lake la kulia, akakunja uso. Askari akainua mabega.

Alichechemea kutoka mlangoni pa nyumba kubwa, akapita mbele ya kiti cha jumbe, akapita kanisani, mpaka ufukweni. Kijiji kizima kilikuwa kimetoka. Kila mtu pale alijua kwamba ule mguu ulikuwa mzima, na kila mtu alijua ile fimbo ni ya nani, na hakuna aliyecheka. Wazee waliokuwa wamekaa waliinamisha vichwa ilipopita. Yule mzee kiziwi naye aliinamisha chake.

Maji yalikuwa yamekupwa, mashua imesimama mbali nje ya matumbawe. Askari alitangulia. Simeona aliingia majini, akasahau kuchechemea. Yalipomfika magotini aliinyanyua fimbo kutoka kwenye maji ya chumvi, akaishika kwa mikono miwili juu ya kichwa, kama ibebwavyo mali ya mtu mwingine, akaendelea. Yakamfika kiunoni. Yakamfika kifuani, na shelisheli za Mele zikalowa, na shati likalowa.

"Vipi?" Shangazi akauliza, Fuatino aliporudi.

"Imepanda mashuani," Fuatino akasema. "Kavu."